Maswali ya Wasomaji: Dakika Mbili za Mwanzo wa Filamu ya Taharuki, na Anayezitazama

Barua nyingi za safari hii zimetoka Kisumu, Nakuru na maeneo ya magharibi, kwa vikundi vya wanafunzi vinavyotengeneza dakika mbili za mwanzo wa filamu ya taharuki, ama kama kazi ya darasani ama kwa chama cha filamu. Tumechagua zile zinazogusa tathmini: utajuaje kwamba mwanzo wako umefaulu, na umefaulu kwa nani.

Swali: Wahariri, pokeeni salamu zetu. Tumepiga filamu ya dakika mbili pale Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, Kisumu. Kijana anashuka kwenye tuktuk akiwa na begi la buluu, anatembea katikati ya mashua, anapigiwa simu, anafungua begi, anakuta si lake, kisha anapigwa kisogoni na skrini inakuwa nyeusi. Wenzetu darasani walipiga kelele. Mwalimu akaandika: "Taharuki haijajengwa." Haijajengwa vipi, na watu wameruka vitini?
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Maseno*

Jibu: Waliruka kwa mshtuko, na mshtuko ni kitu kingine. Alfred Hitchcock, mwongozaji mashuhuri wa filamu za taharuki, alilieleza jambo hili katika mazungumzo yake na mwongozaji Mfaransa François Truffaut mwaka 1962. Watu wawili wamekaa mezani wanapiga soga, bomu lililofichwa chini ya meza linalipuka: mtazamaji amepata sekunde 15 za mshtuko. Sasa mwonyeshe mtazamaji bomu hilo kabla, ajue litalipuka saa ngapi, halafu uwaache wale wawili waendelee na soga yao ile ile. Hapo amepata dakika 15 za roho mkononi. Maneno ya mezani hayakubadilika hata moja. Kilichobadilika ni nani anajua nini, na amekijua lini.

Anzeni tathmini yenu hapo. Chukueni karatasi, muigawe safu nne: sekunde, kinachoonekana na kusikika, anachokijua mtazamaji, na anachojiuliza. Kaeni na filamu, muisimamishe kila picha inapobadilika, mjaze. Kwa jinsi mlivyoieleza, tunatarajia safu ya tatu na ya nne zitakuwa tupu tangu kijana anaposhuka hadi anapofungua begi. Mtazamaji anamwona mtu anatembea. Hana cha kumhofia wala cha kumsubiria.

Wengi wakiona pengo hilo hukimbilia kukata matembezi au kuongeza ngoma nzito chini yake. Msifanye hivyo kwanza. Hamisheni habari. Pale kwenye tuktuk, wekeni picha moja ya sekunde 3 au 4: mabegi mawili ya buluu yanayofanana kwenye kiti, moja limefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio chake, na mkono wa dereva unalisukuma hilo lenye uzi upande wa abiria. Kijana analichukua bila kuangalia. Kuanzia hapo kila hatua anayopiga katikati ya mashua ina uzito, kwa sababu mtazamaji anajua jambo ambalo mwenye begi halijui. Mvuvi akimsalimu, mtazamaji atamshuku mvuvi. Mtoto akiligusa begi, mtazamaji atataka kupiga ukelele. Picha ya uzi lazima iwe ya karibu na itulie. Ikipita chini ya sekunde 2 kwenye simu ndogo, watu wengi hawataiona, na kila kilichojengwa juu yake kitaanguka.

Jambo la pili ni idadi ya maswali. Roland Barthes, mhakiki wa fasihi Mfaransa, katika kitabu chake *S/Z* cha mwaka 1970, alizungumzia msimbo wa fumbo: hadithi inauliza, inachelewesha, inajibu kidogo, inauliza tena. Katika dakika mbili, swali dogo moja lijibiwe na swali kubwa moja libaki wazi. Swali lenu dogo ni "atagundua lini kwamba begi si lake?" Hilo linajibiwa. Kubwa ni "ndani mna nini na nani amemtuma dereva?" Hilo liacheni. Msipojibu lolote mtazamaji anachoka. Mkijibu yote hana sababu ya kuendelea na filamu.

Tazameni pia ile simu. Kama anayepiga anaeleza kila kitu ("Hilo begi lina pesa za bosi, ukilipoteza utakufa"), ondoeni maneno yake kabisa, abaki kijana akisema "Ndiyo... ndiyo... ninalo hapa." Mtazamaji anayejua kuhusu uzi mwekundu atamaliza sentensi mwenyewe.

Na mwisho, angalieni ziwa liko upande gani. Kama katika picha ya kwanza kijana anatembea kuelekea kulia huku maji yakiwa nyuma yake, na picha ya pili kamera imevuka upande wa pili wa njia, ataonekana anatembea kuelekea kushoto. Mtazamaji atadhani amegeuka kurudi. Kosa hili hutokea sana ufuoni kwa sababu mpigaji picha hutafuta mandhari nzuri badala ya kuushika upande mmoja. Kama hamna nafasi ya kupiga upya, wekeni katikati picha ya miguu au ya begi pekee, ikimlenga moja kwa moja kutoka mbele au nyuma. Hiyo hulainisha mvuko.

Swali: Wanafunzi wangu wote huandika kwamba hadhira lengwa yao ni "vijana wa miaka 15 hadi 25, wa kike na wa kiume, wa tabaka la ABC1". Najua wamenakili. Lakini niwaambie waandike nini badala yake?
*Mwalimu mlezi wa chama cha filamu, Nakuru*

Jibu: Mwalimu, hiyo ABC1 ni kipimo cha Uingereza. Huziweka kaya katika madaraja kwa kazi ya mwenye kipato kikubwa zaidi humo, na herufi hizo tatu hujumlisha kazi za kitaalamu na za ofisini, kuanzia wakubwa hadi makarani. Jaribu kuipanga mitaa ya Nakuru kama Section 58 au Free Area kwa herufi hizo, mahali ambapo karani wa asubuhi ni muuza mitumba wa jioni na ana viazi shambani Molo. Mwanafunzi akiandika ABC1 hajamtaja mtu yeyote anayemfahamu. Na umri wa 15 hadi 25 unamweka mtoto wa sekondari anayetazama televisheni na wazazi wake pamoja na mtu mzima mwenye kodi ya nyumba na mtoto wa kulea. Hao hawatazami kitu kimoja, wala hawatazami kwa namna moja.

Waombe waandike hadhira ambayo wanaweza kwenda kuitafuta leo jioni na kuipata. Kwa mfano: "Hadhira yetu ya kwanza ni vijana wa miaka 18 hadi 22 mjini Nakuru, wa vyuo na wa jua kali, wanaotazama filamu usiku kwenye simu, peke yao, kwa vipokea sauti vya masikioni na bando la muda mfupi. Wanaelewa Kiswahili na Sheng. Wamezoea filamu za mapigano na za upelelezi zinazosimuliwa." Kisha kila kipande cha maelezo hayo kidai uamuzi katika filamu. Anatazama kwa simu? Basi maandishi ya majina yasipungue sehemu moja ya ishirini ya kimo cha skrini, na picha za gizani zijaribiwe kwenye simu ya bei ya chini, mwanga wake ukiwa nusu. Anatumia bando? Basi fumbo lianze kabla ya sekunde ya 20, maana kidole chake kiko karibu na kitufe cha kuondoka. Ana vipokea sauti masikioni? Basi pumzi na zipu ya begi vitamfikia, na mnaweza kuvitegemea kuliko muziki.

Maneno "zinazosimuliwa" yana uzito wake. Katika vibanda vya video, na siku hizi simuni, watu wengi wamekulia kwenye filamu za kigeni zinazosimuliwa na DJ Afro na wengine wa namna hiyo, ambapo sauti juu ya picha humweleza mtazamaji nani ni nani na anataka nini. Mtazamaji huyo si mvivu, ila amezoea kuongozwa. Mwanzo wa sekunde 50 bila neno lolote unaweza kumpoteza, wakati mwanafunzi wa filamu ataupenda. Kikundi kichague: ama kimpe mtazamaji huyo sauti ya kushika mapema (redio ya tuktuk, mabishano ya nauli), ama kikubali kwamba hadhira yake ni nyingine na kiandike hivyo.

Wakumbushe pia umri wa kisheria. Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya hutumia madaraja manne: GE kwa watu wote, PG kwa watoto wenye mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18. Kikundi kinachoandika "kuanzia miaka 15" na kumalizia na kisu kinachodondosha damu kimejipinga chenyewe, kwa sababu filamu hiyo ikipewa 16, hadhira yake ya chini imefungiwa nje. Alama nzuri zinapatikana mwanafunzi anapoliona hilo na kueleza alichopunguza, au kwa nini aliamua kupandisha umri.

Swali: Tunaambiwa tuijaribu filamu kwa watazamaji. Tuonyeshe watu wangapi, na tuwaulize nini? Tulipouliza "umeipenda?" wote walisema ndiyo.
*Kikundi cha wanafunzi, Kakamega*

Jibu: Watasema ndiyo siku zote, hasa mkiwa mmesimama mbele yao. Tafuteni watu 8 hadi 12 wa hadhira mliyoiandika, na wengine 3 au 4 walio nje yake ili mlinganishe. Ndugu, marafiki wa karibu na yeyote aliyesoma hadithi yenu wasihesabiwe. Mwonyeshaji asiseme filamu ni yake. Onyesheni mara moja tu, kwa kifaa mlichosema hadhira yenu hutumia; mkiwa mmeandika simu, msiwaonyeshe kwa projekta ukumbini.

Wakati inacheza, mmoja wenu asitazame filamu. Atazame nyuso, awe na saa, aandike sekunde ambazo macho yalishuka, mtu aliangalia pembeni, au alisogea mbele. Karatasi hiyo mara nyingi ni ya kweli kuliko majibu ya mdomo.

Ikimalizika, kila mtu aandike kivyake kabla hawajazungumza, maana mmoja akisema neno wengine watalifuata. Anzeni na "Eleza kilichotokea." Kisha "Unadhani nini kitafuata?" Kisha "Kuna mtu unayemshuku? Kwa nini?" Kisha "Ni mahali gani hukuelewa?" Halafu "Unadhani filamu hii imekusudiwa watu gani?" Lile la kama angependa kuendelea nayo liwe la mwisho. Swali la kwanza ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Tuchukue ile filamu ya begi kule Dunga: kama kati ya watu 10, saba hawakutaja uzi mwekundu, picha ile haionekani, irekebisheni. Kama ni wawili tu, iacheni.

Msiandike "asilimia 70 ya watazamaji" kwa watu 10. Andikeni "watu 7 kati ya 10". Majina yao hamyahitaji, andikeni umri na namna wanavyotazama filamu tu; na watoto waulizwe kwa ruhusa ya mzazi au shule.

Mkipata jibu ambalo hamkulitarajia, msilitupe. Stuart Hall, mwanazuoni wa utamaduni na vyombo vya habari, aliandika mwaka 1973 kwamba mtazamaji anaweza kuipokea maana kama ilivyokusudiwa, kuikubali kwa masharti, au kuipinga kabisa. Dereva wa boda boda akitazama dereva wa tuktuk anayebadilisha mabegi anaweza kusema, "Kila siku mnatufanya wezi." Hilo ni tokeo la kweli la utafiti wenu. Liandikeni, na mfikirie kama dereva alihitajika kuwa ndiye mhalifu.

Swali: Tulipiga picha ndani ya duka usiku, mistari myeusi inapanda kwenye skrini. Simu ni mpya kabisa. Na ile ya jioni nje, kila picha ina rangi yake.
*Mwanafunzi, Kisumu*

Jibu: Simu ni nzima. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa hupwesa mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde na shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/60 ya sekunde au ya kasi zaidi, muda ambao kwa kawaida haulingani na mipweso hiyo, ndipo mistari hutokea. Tumia programu inayokuruhusu kuweka mambo kwa mkono, weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, au 1/100 kama mwanga ni mwingi. Balbu nyingine za LED za bei rahisi hupwesa kwa kasi zake zenyewe hata hapo. Badilisha balbu au tumia taa ya betri. Kwa picha zilizokwisha kuharibika, kupiga upya ni nafuu kuliko kupambana nazo kwenye kompyuta.

Kuhusu jioni: Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, jua hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, na baada ya kutua una kama dakika 20 tu za mwanga unaofaa. Huwezi kupiga picha zote humo. Piga zile za mbali kwanza, zinazoonyesha anga na maji. Za karibu ziache hadi giza liingie, uso mmoja unaweza kuumulikia kwa taa ndogo kutoka upande ule ule ambako mwanga ulikuwa. Funga rangi na mwanga wa simu kwa mkono, usiache simu ijiamulie, la sivyo kila mara mtu akipita picha itang'aa na kufifia. Ukitaka chanzo cha mwanga kinachoaminika ufuoni, taa za wavuvi wa omena zinafaa: mtazamaji wa huko hahitaji kuelezwa zinatoka wapi.

Swali: Sauti yetu ina upepo na chenene. Tukikata picha, chenene wanakatika pia!
*Mlezi wa chama cha filamu, Bungoma*

Jibu: Kabla ya kuondoka mahali popote mlipopiga, wote wanyamaze, mrekodi sekunde 60 za utulivu wa pale. Sauti hiyo itandazwe chini ya picha zote za tukio hilo na chenene hawatakatika tena. Maiki iwe shibiri moja chini ya kidevu, imefunikwa sponji au manyoya. Simu ya pili mfukoni mwa shati yenye maiki ya waya inatosha. Sauti ya juu kabisa ya maneno isizidi desibeli -12 wakati wa kurekodi, kwenye kipimo cha programu ambacho 0 ndiyo kikomo. Mngurumo wa upepo unaobaki upunguzeni kwa kukata masafa yaliyo chini ya hezi 80 hadi 100. Walio kando ya ziwa wajue kwamba alasiri upepo huvuma kutoka majini. Mazungumzo yapigwe asubuhi.

Swali: Hadithi yetu ina bastola, polisi mmoja na mbio sokoni. Kuna ubaya?
*Wanafunzi, Busia*

Jibu: Kuna hatari, na ya kwanza ni hizo mbio. Mtu akikimbia sokoni huku mwingine akimfuata, na mtu mmoja tu apaze sauti ya "mwizi", umati hautangoja kuuliza kamera iko wapi. Mbio zipigwe mahali palipofungwa, uwanjani au nyuma ya shule, na soko lipigwe peke yake kwa picha za pembeni. Ukizihariri pamoja zitaonekana ni tukio moja. Watu wenu walio nyuma ya kamera wavae fulana za rangi moja, na mmoja asiwe na kazi nyingine ila kuwaeleza wapita njia.

Bastola ya bandia isionekane hadharani kabisa. Ipigwe ndani, baada ya kumjulisha mkuu wa kituo cha polisi cha karibu kwa barua ya shule. Sare za polisi ni kosa kuzivaa bila idhini. Tumieni koti la kawaida, redio ya mkononi na sauti ya nje ya mlango. Tena kwa taharuki, bastola ambayo mtazamaji anajua iko kwenye droo ina nguvu kuliko inayoelekezwa kwa kamera. Na kama filamu itaonyeshwa kwa umma au kuuzwa, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni ya kupiga filamu na uainishaji kabla ya maonyesho, kwa hiyo mlezi aulizie mapema.

Swali: Nimeambiwa tathmini yangu ya maandishi "inasimulia tu". Nirekebishe vipi?
*Mwanafunzi, Njoro*

Jibu: Huenda umeandika hivi: "Tulitumia picha za karibu ili kuleta taharuki na hadhira ilifurahia." Sentensi hiyo inaweza kubandikwa kwenye filamu yoyote. Linganisha na hii, kwa ile filamu ya begi kule Dunga: "Katika sekunde ya 9 tuliweka picha ya karibu ya uzi mwekundu ili mtazamaji ajue kabla ya mhusika. Watu 4 kati ya 10 hawakuiona, na wote wanne walitazama kwa simu. Tuliirefusha kutoka sekunde 1.5 hadi 3 na kuongeza mwanga kwenye kiti. Katika jaribio la pili, kwa watu wapya, ni mmoja tu aliyeikosa." Kuna wakati, kuna sababu, kuna ushahidi, kuna mabadiliko na matokeo yake.

Usijaribu kueleza kila picha. Chagua maamuzi matatu au manne yaliyobeba filamu, uyachimbe, na angalau moja liwe lile ambalo halikufaulu hata baada ya marekebisho. Weka toleo la kwanza la filamu, usilifute. Bila hilo huna cha kulinganisha. Jedwali la safu nne na karatasi za watazamaji ziambatishwe mwishoni kama zilivyo, na mwandiko wao wa penseli.